Meli Isiyoondoka

Siku nyingi sijaandika, zamu za usiku zimenibana. Dada ameniuliza: ile meli kubwa kwenye picha zangu za Marsaxlokk, mbona kila picha ipo palepale? Basi leo nawajibu nyote.

Meli ile ni ghala. Ilifika hapa Malta Oktoba 2016 ikafungwa gati. Ndani mna gesi asilia iliyopoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ikawa maji. Ikiwa maji, ujazo wake hupungua kama mara 600, ndiyo maana inabebeka. Matangi yake ni kama chupa ya chai, yanazuia joto lisiingie. Meli nyengine huja kuijaza. Gesi ikishapashwa moto huingia kwenye mitambo ya umeme ya Delimara.

Zamani kisiwa hiki kilitegemea mafuta mazito. Gesi moshi wake ni mchache, na mie muuguzi nashukuru kwa ajili ya vifua vya watu. Ingawa wapo wakaazi walioiogopa, wakisema wamewekewa bomu mlangoni.

Lakini sikilizeni jamani. Julai 2023 joto lilipita nyuzi 40, umeme ukawa unakatika siku baada ya siku. Mitambo ilikuwepo, kilichoharibika ni nyaya zilizofukiwa chini ya barabara! Wodini kuna jenereta. Wazee waliobaki ghorofani bila feni wala lifti ndio tuliowapokea wamekaukiwa maji mwilini.

Nikaikumbuka Unguja. Mei 2008 umeme wa bara ulipokatika tulikaa kiza karibu mwezi, mimi mwanafunzi na ndoo kichwani maana pampu za maji zilisimama. Desemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010. Waya wa pili wa baharini ulikuja 2013.

Kwa hiyo mkisikia habari za gesi ya Lindi na meli zake, furahini, lakini ulizeni pia: nyaya za mtaani kwetu nani anazikagua? Kisiwa hakiishi kwa meli peke yake.

Na umeme ukikatika, insulini ya bi mkubwa msiilaze kwenye barafu, ikiganda haifai tena. Itieni kwenye kopo kavu, kopo mliweke ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa, kivulini.

Nisalimieni wote. Wasalaam.