Daftari za Kamenge, 1993

Ukishuka bandari ya Bujumbura kutoka Kigoma miaka ile, mwanangu, kilichokupokea kwanza kilikuwa harufu: kimea cha kiwanda cha bia, kisha, ukisogea Buyenzi, mukeke akikaangwa kwa mawese na ndagala zikianikwa juu ya magunia. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria Mlimani, Dar es Salaam, na begini nilikuwa na kitabu cha Issa Shivji kuhusu haki za binadamu Afrika, kila ukurasa nimeupigia mistari. Nilikwenda kwa mafunzo ya likizo pamoja na vijana wa Kirundi, nikafikia kwa shangazi yangu, huko Buyenzi, katika mtaa ule ambao barabara zake zina namba badala ya majina, mafundi magari wanagonga bodi tangu alfajiri, na Kiswahili ndicho cha kugombania na cha kupatania. Chapati ya asubuhi ilikuwa faranga 20, na mwenye kibanda alikopesha hata mgeni, mradi umtaje unayelala kwake.

Juni Mosi watu walikuwa wamepiga kura ya urais, Melchior Ndadaye akamshinda Pierre Buyoya, na tarehe 10 Julai akaapishwa. Vijana wa mtaa wa Kamenge waliimba mpaka sauti zikawakauka. Shangazi, aliyeyaona mengi, naye alifurahi, ila alinunua mchele na chumvi ya akiba akavisukuma chini ya kitanda.

Darasa letu lilikuwa ukumbi wa mabati huko Kamenge. Mwalimu alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mzee mwembamba aliyevaa shati ambalo kola yake ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya ili upande uliochakaa usionekane. Tulitarajia atuanzishie Tamko la Haki za Binadamu la 1948, akatugawia daftari. Andika jina, alisema, jina la baba, mlima aliozaliwa, siku aliyochukuliwa, nani walikuja na kwa gari gani. Mambo ya siasa yatajileta yenyewe. Akatuleta kwenye 1972, mwaka ambao Warundi wengi wanauita ikiza, yaani janga. Baada ya uasi uliozuka kusini, upande wa Rumonge, tarehe 29 Aprili, utawala wa Michel Micombero uliwageukia Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa chuo na wa sekondari. Makadirio ya waliouawa yanaanzia 100,000 hadi 300,000. Waliouawa wakaitwa wasaliti, mali zao zikachukuliwa, na jamaa zao hawakuruhusiwa kuweka matanga.

Siku moja akaja mama mmoja, mjane wa mwalimu wa shule ya msingi, amebeba mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na risiti ya baiskeli, karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Mumewe aliitwa mkutanoni kwenye ofisi ya komini, akavaa koti lake la Jumapili, akaenda kwa baiskeli hiyohiyo, maana mtu asiye na kosa hukimbilia wapi? Baiskeli aliiona baadaye, inaendeshwa na mtu anayemjua. Karani hakunipa mimi kalamu. Alimpa kijana wa Ngagara, Mtutsi, ambaye jamaa zake waliuawa Ntega mnamo Agosti 1988. Yule kijana aliandika kurasa mbili, mkono unamtetemeka, akamsomea mama. Mama akamsahihisha tarehe, akamsahihisha na rangi ya koti. Kesho yake zamu ikageuka. Kijana wa Kihutu kutoka Kamenge akaandika wafu wa Ntega, na karani akamrudisha mara kwa mara: jina la baba liko wapi? Nimesoma sheria kwa miaka mingi tangu hapo, na sijaona somo la haki lililonikaa kama lile, la kumwandikia mwenzako maiti wake kwa uangalifu uleule ambao ungemwandikia wako.

Nilirudi Kigoma mwezi Septemba. Tarehe 21 Oktoba Ndadaye aliuawa na wanajeshi. Siku hiyohiyo Kibimba, kando ya barabara ya Gitega, makumi ya wanafunzi Watutsi walichomwa moto ndani ya kituo cha mafuta. Wakimbizi wakatujia kwa maelfu, magodoro vichwani, watoto wamevimba miguu, na wengi walikuwa hawajui waliowaacha nyuma ni wazima au la. Nilinunua daftari nikaanza na waliokubali kuzungumza.

Mkataba wa Arusha wa 2000 uliahidi tume ya ukweli na maridhiano. Sheria yake ikapatikana mwaka 2014. Februari 2020 Tume ilitangaza mabaki ya watu 6,032 katika makaburi 6 ya halaiki mkoani Karusi, na baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Mwaka 2021 ikatamka kwamba ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Nililipokea tamko hilo kwa moyo wote kwa ajili ya yule mama, aliyekuwa amekatazwa hata kulia. Lakini nadai, na nitadai maadamu nina pumzi, kwamba Kibimba ichunguzwe kwa bidii ileile, na Ntega na Marangara pia, pamoja na Wahutu ambao jeshi liliwaua huko 1988 baada ya Watutsi kuuawa. Wazee wanaojua majina ya baba za waliouawa wanakufa kila mwaka, na kazi ile tuliyofundishwa kwenye ukumbi wa mabati inaweza kufanywa na kijana yeyote mwenye daftari.