Muhuri wa Mwenyekiti na Boti za Uingereza

Tarehe 1 Mei 2025 nilipiga kura hapa Northampton, kuchagua madiwani wa halmashauri ya West Northamptonshire. Kitambulisho nilichoonyesha kituoni ni pasipoti ya Tanzania. Ndugu zangu nyumbani hawaamini nikiwaambia, lakini ndiyo sheria ilivyo. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaandikishwa na kupiga kura, ya madiwani na hata ya Bunge. Tangu 2023, wapiga kura wa England walipoanza kudaiwa kitambulisho chenye picha, pasipoti za nchi za Jumuiya ya Madola zimo katika orodha ya vinavyokubaliwa.

Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 27 Novemba 2024, watu wa kwetu Kigongo, wilayani Misungwi, walichagua viongozi wa kijiji na vitongoji. Mimi sikuwa na kura. Mpiga kura wa uchaguzi huo lazima awe raia na mkazi wa kitongoji, na hilo silalamikii. Mwenyekiti wa kijiji ni wa wanaoishi kijijini. Ila kwa kuwa chaguzi hizo mbili zilikaribiana, nimekuwa nikijiuliza jambo moja kwa muda mrefu: mgeni asiye na kibali, ambaye mwenyewe hapigi kura huku wala kule, anawezaje kugeuza kura za wenye haki ya kupiga?

Nianze na huku. Northampton iko katikati ya nchi, mbali na bahari. Kazi za halmashauri yetu ni kuziba mashimo barabarani, kuzoa taka, kulea watoto wasio na wazazi, kugharamia matunzo ya wazee. Haina askari wa mpaka hata mmoja. Lakini wiki za kampeni, karatasi zilizopenyezwa mlangoni kwangu zilizungumzia boti: watu wanaovuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa kwa boti za mpira. Mwaka 2024 walivuka watu zaidi ya 36,000. Kura zilipohesabiwa, chama cha Reform UK, kilicholibeba suala hilo kuliko vyama vingine vyote, kilipata viti 677 kote England na kutwaa halmashauri kumi, yetu ikiwa mojawapo.

Jirani yangu ni mzee mstaafu, mtu mwema, ananipokelea mizigo nikiwa zamu ya usiku. Aliniambia waziwazi amewapigia Reform UK. Nilipomuuliza kama amewahi kukutana na mtu aliyekuja kwa boti, alisema hapana. Tulipoendelea kuongea, yaliyomuuma yakatoka: binti yake analipa kodi ya nyumba inayomaliza mshahara, miadi ya daktari inachukua wiki, na katikati ya mji maduka yanafungwa. Simdharau. Maumivu yake ni ya kweli, na ameyapa sura ya mtu asiyemjua, kwa sababu sura hiyo ndiyo anayoonyeshwa kila jioni kwenye taarifa ya habari.

Kwa haki, si kwamba halmashauri haziguswi kabisa. Kent, ambako boti zinafikia, halmashauri inawajibika kisheria kuwalea watoto wanaovuka bila wazazi. Na wizara ya mambo ya ndani ndiyo inayowaweka waomba hifadhi hotelini, wenyeji wakiwa hawana kauli ya maana. Agosti 2025 halmashauri ya Epping Forest, karibu na London, ilikwenda mahakamani kutaka hoteli moja ifungwe kwa waomba hifadhi. Silaha yake ilikuwa sheria ya mipangomiji, maana nyingine haikuwa nayo. Ilishinda Mahakama Kuu, na siku kumi baadaye Mahakama ya Rufani ikatengua amri hiyo.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi wageni wote wanavyotiwa kapu moja. Mwaka 2022 Uingereza ilifungua mlango kwa wahudumu wa wazee kutoka nje, kwa kuwa wenyeji hawakujitokeza kuifanya kazi hiyo. Julai 2025 ikaufunga. Hawa walikuja na viza, wanakatwa kodi, wanawaogesha wazee ambao halmashauri inawalipia. Lakini mpiga kura aliyekasirishwa na boti haulizi nani ana karatasi gani.

Sasa twende kwetu, Ziwa Victoria. Kigongo ndipo kilipokuwa kivuko cha kwenda Busisi, na tangu tarehe 19 Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la JP Magufuli, kilomita tatu na ushei, kuelekea Sengerema, Geita na huko mbele Kagera hadi mipakani. Shangazi yangu aliuza samaki wa kukaanga kwa abiria waliosubiri feri. Foleni imekwisha, wateja wamekwisha nayo. Ukimuuliza mwenyekiti wa kijiji shangazi afanye nini, atakuambia: atafute mahali pa kuweka meza karibu na magari yanaposimama. Hatataja wageni.

Na wageni wapo. Kandokando yote ya ziwa, kwenye mialo na makambi ya wavuvi, hadi visiwa vya Kome na Ukerewe, utakuta Mrundi, Mkongo, Mganda, Mjaluo wa upande wa Kenya. Anayefuata sangara na dagaa hafuati ramani. Anafika na begi, anapewa nafasi kwenye mtumbwi, anapanga chumba, anaoa, anachanga mchango wa darasa la shule ya msingi. Baada ya miaka kumi watoto wake wanaongea Kisukuma vizuri kuliko mimi. Sijapata kusikia mkutano wa kampeni kwetu ambapo mgombea aliomba kura kwa kuahidi kuwafukuza.

Ndiyo maana wengi husema kwetu suala hili halina nafasi katika uchaguzi. Mimi nasema lina nafasi kubwa kuliko Northampton, ila linapitia mlango ambao hauonekani jukwaani. Linapitia kwenye pingamizi na kwenye muhuri.

Pingamizi kwanza. Majina ya waliojiandikisha yanabandikwa hadharani na mkazi anaweza kupinga jina. Mgombea naye anaweza kuwekewa pingamizi kwamba si raia. Uraia wetu, kwa wazee, unaanzia kwenye swali la mahali alipozaliwa mtu au mzazi wake kabla ya tarehe 9 Desemba 1961. Babu aliyezaliwa Ngara au Kibondo enzi za Mwingereza hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mpaka enzi hizo haukumzuia mtu kuoa ng'ambo ya pili. Ukitaka kumtilia shaka mjukuu wake hukosi pa kuanzia. Wagombea walioenguliwa katika chaguzi za vijiji za 2019 na 2024 wengi walitolewa kwa sababu nyingine, kasoro za fomu zikitajwa mno. Sidai kwamba uraia ndio uliokipa Chama Cha Mapinduzi zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Nadai kwamba silaha hiyo ipo mezani, na kila mwenye babu wa mpakani anaijua.

Anaijua kwa kuwa ameiona ikitumika kwa wakubwa. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Ikambidi aombe uraia wa nchi aliyoitumikia. Mwaka 2018 Abdul Nondo, kiongozi wa wanafunzi mzaliwa wa Kigoma, alihojiwa uraia wake. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara naye alihojiwa, baada ya kuzungumza hadharani juu ya Katiba mpya. Kama askofu anaulizwa babu yake alizaliwa wapi, mvuvi wa Busisi atasimama na nini?

Muhuri ndio unaonitisha zaidi. Ukitaka kitambulisho cha taifa, cha NIDA, au pasipoti, safari inaanzia kwa mwenyekiti na mtendaji, kwa barua ya utambulisho yenye muhuri. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita ikiwasaka wahamiaji haramu, swali la nani mwenyeji na nani mgeni liliulizwa vijijini. Maelfu waliondoka, wakiwamo walioishi nchini miongo kadhaa, na familia zikagawanyika. Geita si mbali na kwetu. Ni hapo ng'ambo.

Basi mfikirie mpiga kura halali, mzaliwa wa hapa, ambaye mama yake alitoka Muyinga, Burundi. Siku ya kura hachagui atakayeleta maji tu. Anamchagua mtu ambaye mkono wake utasema huyu namjua, ni wa kwetu, au utakaa kimya. Hata kama mwenyekiti aliyepo ni mbaya, hata kama amekula michango, kumpinga hadharani ni hatari ambayo mwenye babu wa Misungwi haijui. Hapo ndipo uhamiaji haramu unapoamua kura kwetu: kwa woga wa raia kugeuzwa mhamiaji. Jirani yangu wa Northampton anapiga kura akimwogopa mgeni. Huyu wa ziwani anapiga kura akiogopa kuitwa mgeni.

Na tunajua kulimaliza jambo hili, maana tumewahi kulimaliza. Wakimbizi wa Burundi wa 1972, wale wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000, walikubaliwa kupewa uraia mwaka 2010 na wakaanza kupewa vyeti mwishoni mwa 2014. Kenya nayo ilikuwa na Wamakonde wa Kwale, walioishi bila vitambulisho tangu enzi za mashamba ya mkonge. Mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi, wakapewa vitambulisho, na 2017 wakapiga kura. Mtu mwenye karatasi mkononi hahitaji kumbembeleza mwenyekiti.

Uchaguzi ujao wa vijiji, kwa mzunguko wetu wa miaka mitano, ni 2029. Kanuni hutolewa upya kabla ya kila uchaguzi, kwa hiyo muda wa kuzungumza ni sasa. Ningependa kanuni hizo ziseme kwamba pingamizi la uraia dhidi ya mgombea au mpiga kura halisikilizwi na msimamizi msaidizi ndani ya siku chache, bali mahakamani, na anayelileta ndiye alete ushahidi. Uamuzi usipotoka, jina libaki kwenye karatasi ya kura. Mwenyekiti asiyetoa barua ya NIDA ndani ya muda uliowekwa aandike sababu, ili mwombaji aipeleke ngazi ya juu. Mbunge wa Misungwi na wa Sengerema wanaweza kuulizwa hayo leo, na anayesoma hapa akiwa na namba ya mmoja wao naomba amtumie.