Jicho la Samaki Vichochoroni Lamu

Tulizuru Mji wa Kale wa Lamu pamoja na mpwa wetu, naye kachukua kamera yenye lenzi iitwayo jicho la samaki. Lenzi hii huona upana wa takriban nyuzi 180, yaani karibu yote yaliyo mbele na ubavuni. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba mno, na lenzi ya kawaida hutwaa ukuta tu. Hii ilikusanya kuta zote mbili, madaka na baraza zake, hata kipande cha mbingu. Kuta za matumbawe zikapinda mithili ya tanga lililojaa upepo. Mfaa wa mlango uliokuwa katikati hasa ya picha ndio pekee uliosalia wima. Tukastaajabu, subhanallah!

Tulipoikuza picha, tukaona pembeni mwanamke aliyechungulia mlangoni bila buibui, akimwita mwanawe. Mpwa wetu hakumwona, lenzi ilimwona.

“Mjomba, nimkate pembeni?”

“Ifute, mwanangu.”

Akaifuta, ingawa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Baada ya swala ya Alasiri alirudi kichochoroni, akapiga hodi kila mlango kabla ya kuinua kamera.