Majibu Yalipokuja kwa Basi

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza masomo Januari 1994, makamu mkuu wa chuo akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Mimi nilijiunga miaka michache baadaye, mwalimu wa sekondari wilayani Mbinga, nina diploma, mume, watoto wadogo na miche ya kahawa. Bila chuo kile nisingesoma digrii. Nani angenilelea wanangu nikahamie Dar es Salaam miaka mitatu?

Vitabu tulivifuata kituo cha mkoa, Songea, kwa barabara ya vumbi ambayo masika iligeuka matope matupu. Usiku, nikishasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nilisogeza chemli na kuanza ya kwangu. Zoezi uliliandika kwa mkono, ukalipeleka kituoni, likapanda basi kwenda Dar. Kurudi kwake ni mwezi, pengine miwili. Zoezi langu la kwanza la historia lilirudi na wino mwekundu pembeni: mhadhiri anauliza ushahidi wa dai langu uko wapi. Wakati huo nilikuwa nimeshasonga mada tatu mbele, ikabidi nirudi nyuma kutafuta nilichokuwa nawaza. Umbali wenyewe ulikuwa huo. Kilomita hazikutusumbua kama kusubiri.

Ndiyo maana sisi wanafunzi wa chuo kile tulitafutana. Jumamosi walikuja darasani kwangu hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyekuwa akisoma sheria, walimu wenzangu na bwana shamba mmoja. Kozi zilitofautiana, lakini kila mtu alilazimika kueleza alichosoma mpaka asiyekijua akielewe. Hakimu hakuwa na huruma. Ukidai jambo, alitaka uthibitishe. Nilijifunza kujenga hoja mbele yake kabla wino mwekundu haujafika. Wahadhiri walipokuja Songea kwa vipindi vya ana kwa ana, tuliwazingira na maswali ya miezi.

Mkonga wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla yake intaneti ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Baadaye masomo yakahamia kwenye Moodle, jukwaa la kusomea mtandaoni, na leo muuguzi wa Mbamba Bay anapakia zoezi kwa simu akitoka zamu. Nafurahi kwa moyo wote. Wiki zangu zile za kusubiri hazikunifundisha lolote, na simtakii mtu yeyote.

Lakini nasikia wanaosema kwamba kwa kuwa sasa kuna mtandao, vituo na vipindi vya ana kwa ana ni gharama isiyo na kazi. Nawapinga. Bando likiisha, au mnara ukizima, mwanafunzi huyo anabaki peke yake kuliko nilivyokuwa mimi. Wapya wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia wamtafute kwanza mwanafunzi mwenzao aliye jirani, wakubaliane siku ya kukutana. Nywila ya mtandaoni wataipata tu.