Ikizima, Nani Anakuja?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipoajiriwa kuwa fundi katika kampuni moja ya udalali wa hisa jijini Nairobi, kompyuta ilikuwa ya kuchapia barua na kuweka hesabu. Biashara yenyewe ilifanyika ukumbini mwa soko la hisa, Nation Centre, ambako madalali walinadi kwa sauti na bei zikaandikwa ubaoni, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana. Kompyuta ikizima, mhasibu alinung'unika kidogo, akaenda kunywa chai. Kwa hiyo tulinunua kwa kuangalia bei tu. Tulizunguka maduka ya katikati ya jiji, tukachagua zilizokwisha kutumika Ulaya, na waranti ilikuwa neno la muuzaji: "Ikisumbua, wewe irudishe."

Mambo yaligeuka hatua kwa hatua. Novemba 2004 kumbukumbu za hisa zilianza kuhamia kwenye daftari kuu la kielektroniki. Septemba 2006 ukaja mfumo wa kuuza na kununua kwa kompyuta, uliotengenezwa na kampuni ya MillenniumIT ya Sri Lanka. Desemba 2007 soko likaunganishwa kwa mtandao na ofisi za madalali, nao wakaanza kufanya biashara bila kwenda ukumbini. Tangu hapo, kompyuta ikizima ofisini kwetu, sisi tulikuwa tumetoka sokoni huku wenzetu wakiendelea kuuza.

Hata hivyo tuliendelea kununua kwa mazoea, ila sasa tuliuliza kasi badala ya bei. Prosesa ya ngapi? Memori kiasi gani? Kisha ukaja mwaka 2008, hisa za kampuni ya simu ya Safaricom zilipouzwa kwa umma: hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja, waombaji zaidi ya laki nane. Watu walipanga foleni hadi kwenye ngazi. Katikati ya msongamano huo diski ya seva yetu ilikufa. Muuzaji alikuwa mpole sana kwenye simu. Alisema diski ya aina ile hana, ataiagiza Dubai, tuvumilie wiki kadhaa. Seva ilikuwa na kasi ya kujivunia na waranti ya miaka mitatu, lakini hakuna hata ukurasa mmoja wa ile waranti uliosema ni nani angekuja siku hiyohiyo akiwa na diski mkononi.

Meneja wetu, mzee asiyependa maneno mengi, aliniita akaniambia, "Fundi, kuanzia leo usiniletee bei ya mashine. Niletee bei ya mashine pamoja na mtu wake."

Ndivyo tulivyofanya. Mkataba ulitaja saa za fundi kufika, si siku. Seva ilikuwa na diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine iendelee. Kompyuta zote za mezani zilikuwa za aina moja, ili pawasaplai ya hii iingie kwenye ile. Spea zilikaa kabatini kwetu, na wahasibu waliziita pesa zilizolala mpaka mafuriko ya Thailand ya 2011 yalipofunika viwanda vya diski na bei zikapanda duniani kote.

Stima nayo ilikuwa na somo lake. UPS za bei rahisi husubiri umeme upotee ndipo zigeukie betri. Zile za ghali huipa mashine umeme uliopitia ndani yake muda wote, kwa hiyo mashine haisikii mtikisiko. Betri huchoka kimyakimya, basi niliandika tarehe kwa kalamu nene juu ya kila moja. Juni 7, 2016, tumbili alipoanguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme, ilikuwa saa tano na ushee asubuhi, soko likiwa wazi. UPS zilishikilia mpaka jenereta ilipowaka.

Intaneti ilitutesa zaidi. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, tulilipia laini mbili kwa kampuni mbili. Siku moja wachimbaji wa barabara walizikata zote mbili kwa pigo moja, kwa kuwa zilipita kwenye mtaro mmoja. Siku hizi sisaini kabla ya kuonyeshwa ramani.

Sasa wateja wengi hununua hisa kwa simu, na vijana ofisini wanataka seva zetu zihamishiwe kwenye vituo vya data vya wengine. Sipingi; huko umeme na diski vinatunzwa vizuri kuliko kabatini kwangu. Nimewapa sharti moja: kabla ya kusaini, waipigie simu huduma ya kampuni yenye kituo saa 3 na nusu asubuhi, soko linapofunguliwa, wahesabu dakika mpaka apokee mtu anayeweza kurekebisha kitu. Kampuni mbili zimeshindwa tayari.