Darasa la Sita na Vita vya Kagera

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka wa Tanzania na kukalia eneo letu la kaskazini ya mto Kagera. Sisi tulikuwa darasa la sita, kijijini Njombe, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kutoka huko. Hadi hapo Jiografia kwetu ilikuwa kukariri mikoa na mazao yake, na Siasa kukariri majina ya viongozi. Aliyesahau alionja fimbo.

Rais Nyerere alipokwisha kuhutubia taifa, Novemba 2, mwalimu wetu wa Siasa alitutoa nje. Akachora ramani ya nchi kwa majivu, akatupanga juu yake: mmoja Mutukula, mwingine Kyaka, mwingine Bukoba. Mimi nilipangiwa Dodoma, nikanuna, maana Dodoma hakukuwa na vita. Akaniuliza: chakula cha askari kitapita wapi kufika Kagera, na kitabebwa na nini? Tukabishana hadi kengele ikalia. Ndipo tulipoelewa kwa nini malori ya kubeba mahindi yetu yalikuwa yameadimika: serikali ilikuwa imeyachukua magari ya watu kwa ajili ya vita.

Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Baadaye kijana wa kijiji chetu, mwanamgambo aliyejeruhiwa mguu, alirudi nyumbani, na mwalimu akamwalika darasani. Tulitegemea masimulizi ya ushujaa kama ya redioni. Msichana mmoja akauliza, “Shikamoo, kaka. Uliogopa?” Akajibu kwamba kule Lukaya, ndani ya Uganda, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipowashambulia, wao walikimbia kwanza, ndipo wakajipanga upya na kushinda. Darasa zima kimya. Redioni hatukuwa tumesikia habari ya kukimbia.

Mwalimu hakumkatiza. Aligawa ubao kwa chaki: upande mmoja tuliyosikia redioni, upande wa pili aliyosema aliyekuwepo, na chini maswali yaliyobaki. Sehemu hiyo ya chini ndiyo iliyojaa. Mwalimu mkuu alinung’unika kwamba mtihani wa darasa la saba hauulizi mambo hayo, na kweli haukuuliza. Lakini majibu ya mtihani ule nimeyasahau yote, Lukaya sijaisahau.

Walimu wa Maarifa ya Jamii, wazee waliopigana vita ile wangali wapo vijijini kwenu. Waiteni darasani sasa, wangali hai, na waacheni watoto waulize wenyewe.