Panda Hakungoji kwa Ngazi

Wasee, kama umewahi kuona Kung Fu Panda 2, mlima Qingcheng ushauona, hata kama jina lake hulijui. Uko Sichuan, China. Na kabla uwe maarufu kwa panda, ulikuwa mlima wa dini: karibu miaka 1,900 iliyopita Zhang Daoling alihubiri Utao hapo.

Kitu kinanibamba ni mahekalu yenyewe. Ni ya mbao, yamejificha chini ya miti, na ngazi za mawe zinapinda kufuata mlima. Mtu mwingine angefyeka miti yote ndio hekalu lake lionekane kutoka mbali! Tetemeko la 12 Mei 2008 liliyaharibu vibaya, watu wakarudi wakayatengeneza, na bado yamejificha vilevile.

Sasa panda. Tangu 2006 misitu ya upande huo iko kwenye orodha ya UNESCO pamoja na hifadhi zingine za Sichuan, na kwa jumla zina zaidi ya asilimia 30 ya panda wote duniani. Lakini usiende ukidhani atakungoja kwa ngazi na mwanzi mdomoni. Wale tunaowacheka kwa video wakiteleza wanaishi kwenye vituo, wanaletewa chakula. Wa msituni hujificha, na bila mianzi amekwisha.

Ndio maana naona ajabu tukimpenda panda na kuuita msitu wake "mandhari" tu. Wale watawa hawakuwa na sheria ya mazingira. Walisema mlima ni mtakatifu, wakajenga kidogo, miti ikabaki.

Kuna usafiri wa waya wa kukupandisha. Mimi nikifika, ni miguu tu.